Mdudu gani huyo kwenye jasho lako? Jinsi ya kumtambua nyuki wa jasho



Uko shambani hapa Kashojwa, saa sita mchana, jua ni kali. Umeinama unapalilia maharage. Mara unahisi kitu kidogo kinatembea mkononi, palepale penye jasho. Unapiga kofi bila kutazama, na papo hapo unasikia maumivu kama umerukiwa na cheche ya moto. Unafungua kiganja: mdudu mdogo mweusi amelala hapo, amekufa.

Mdudu huyo ni nani? Je, unahitaji kukimbia kituo cha afya, au unaosha mkono na kuendelea na kazi? Mtu anayejua kumtazama mdudu anaweza kujibu swali hilo mwenyewe. Asiyejua anaweza kukosea kwa njia mbili. Anaweza kuogopa bure mdudu asiye na madhara, amwage mafuta ya taa na kuwasha moto uani. Au anaweza kudharau mdudu ambaye kweli anaweza kuua mtu, akachelewa kumpeleka mtoto hospitali. Makala hii inakusaidia usikosee.

KWA NINI TUTAZAME MWILI, SI JINA?

Nakivale ina watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko, pamoja na wenyeji Wanyankore. Kila lugha ina majina yake ya wadudu. Mtu mmoja akisema "nyuki mdogo" anafikiria yule mdudu wa jasho. Mwingine anafikiria nyuki asiyeuma anayekaa kwenye ukuta. Wa tatu anafikiria nyuki wa asali ambaye bado hajakomaa, ingawa nyuki akishatoka kwenye sega haongezeki ukubwa tena. Majina yanatuchanganya. Lakini mabawa, miguu na tumbo la mdudu ni yaleyale kwa kila lugha.

Kwa hiyo, ukiumwa, kumbuka umbo la mdudu aliyekuuma. Ikiwa amekufa, mfunge kwenye kipande cha karatasi uje naye. Ukiwa na simu yenye kamera, mpige picha. Mdudu aliye hai usimshike kwa mkono. Mfunike kwa glasi au kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, mtazame, kisha mwachie.

NYUKI WA JASHO NI NANI?

Nyuki wa jasho ni jamii kubwa ya nyuki. Wataalamu wanaiita Halictidae, na ina zaidi ya spishi 4,000 duniani. Hapa Uganda wako wengi. Mtafiti Théodore Munyuli, aliyechunguza mashamba ya Uganda ya kati katika miaka ya 2000, alikuta zaidi ya spishi 600 za nyuki wa kila jamii. Maana yake ni kwamba nyuki wa asali tunayemjua sote ni mmoja tu kati ya mamia.

Baadhi ya nyuki hawa hutua kwenye ngozi ya mtu kunywa jasho, kwa sababu lina maji na chumvi wanazohitaji. Hawanyonyi damu. Hawaambukizi malaria wala ugonjwa mwingine. Jike ana mwiba, lakini hautumii mpaka abanwe: kwapani, nyuma ya goti, kwenye kola ya shati, au chini ya kofi lako. Dume hana mwiba kabisa.

MTAZAME MDUDU HATUA KWA HATUA

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Usiruke hatua.

Hatua ya 1: Je, ni nzi au ni nyuki?

Tazama kichwa. Nzi ana macho makubwa yanayojaza karibu kichwa chote, na vipapasio vyake mara nyingi ni vifupi sana, karibu havionekani. Nyuki ana macho pembeni mwa kichwa, na vipapasio virefu vilivyokunjika kama kiwiko cha mkono. Halafu tazama mabawa. Nzi ana mabawa 2. Nyuki ana mabawa 4, lakini ya nyuma ni madogo na yameshikana na ya mbele, kwa hiyo ni rahisi kudhani ni 2. Ndiyo maana tunaanza na kichwa.

Kuna nzi wa maua wenye mistari ya njano na nyeusi wanaofanana sana na nyuki. Husimama hewani bila kusogea, kisha huruka ghafla. Wengine nao hupenda jasho. Hawa hawana mwiba.

Hatua ya 2: Je, ni nyigu au ni nyuki?

Nyigu ana kiuno chembamba sana, mwili usio na manyoya mengi, na miguu myembamba. Nyigu wa kawaida wanaojenga vichanja vya karatasi kwenye paa hukunja mabawa yao kwa urefu wanapotulia, yakaonekana membamba kama ukanda. Nyuki ana manyoya, hasa kifuani na miguuni. Nyigu anaweza kuuma mara nyingi, na sumu yake inaweza kuleta mzio mkali kama ya nyuki wa asali.

Hatua ya 3: Tazama miguu ya nyuma.

Hii ndiyo alama muhimu kuliko zote. Nyuki wa asali ana mguu wa nyuma uliopanuka na kung'aa kama kijiko kidogo. Hapo hubandika chavua, ule unga wa maua, baada ya kuulowanisha. Ukimwona kwenye ua utaona donge moja la njano au la machungwa kila upande, limeshikana vizuri kama shanga.

Nyuki wa jasho hana kijiko hicho. Ana manyoya marefu kwenye mguu wa nyuma, kuanzia juu karibu na tumbo. Chavua yake ni kavu na imetawanyika ndani ya manyoya, kama mtu aliyepita kwenye mashine ya kusaga unga na suruali yake ikachafuka. Donge lililoshikana: si nyuki wa jasho. Unga mkavu kwenye manyoya: anaweza kuwa nyuki wa jasho. Endelea.

Hatua ya 4: Pima ukubwa.

Nyuki wa asali ana urefu wa kama punje ya haragwe, yaani sentimita 1 au zaidi kidogo. Nyuki wa jasho wengi ni milimita 4 hadi 10. Wa kawaida ni kama punje ya mchele. Akiwa mdogo zaidi, kama mbegu ya ufuta, mweusi, na wako wengi wanaozunguka macho na pua yako, huenda si nyuki wa jasho wa jamii hii. Ni nyuki wadogo wasiouma.

Hatua ya 5: Mtofautishe na nyuki asiyeuma.

Nyuki asiyeuma naye hupenda jasho na machozi, na ndiyo sababu watu wengi huwachanganya. Mtazame bawa akiwa juu ya karatasi nyeupe. Nyuki wa jasho ana mishipa mingi inayogawa bawa katika vyumba vidogo, na mshipa mmoja katikati umepinda kama upinde. Bawa la nyuki asiyeuma lina mishipa michache sana, karibu halina kitu upande wa nje. Tofauti nyingine ni nyumba. Nyuki asiyeuma hukaa kwa wingi ndani ya ukuta wa udongo, gogo au shimo la mti, na mlangoni hujenga kijimrija cha nta. Huyu hana mwiba unaofanya kazi. Akiingia jichoni usisugue: osha kwa maji safi.

NYUKI WA JASHO WENYEWE HAWAFANANI

Ukishajua kwamba ni nyuki wa jasho, unaweza kuendelea kutambua ni wa kundi gani. Chukua kioo cha kukuza kama unacho, na tazama mgongo wa tumbo, pale penye pingili.

1. Halictus. Ana mistari ya manyoya meupe mwishoni mwa kila pingili ya tumbo, yaani ukingoni upande wa mkiani. Ndugu zake wanaoitwa Seladonia ni wadogo na wanang'aa kijani kama shaba iliyopata kutu.

2. Lasioglossum. Anafanana na wa kwanza, lakini mistari yake ya manyoya iko mwanzoni mwa pingili, upande wa kifuani, au haipo kabisa. Wengi ni weusi au wana kijani kilichofifia, na ni wadogo.

3. Nomia. Ni mkubwa kidogo. Wengi wana mistari tumboni isiyo ya manyoya: ngozi yenyewe inang'aa kama kauri, kwa rangi nyeupe, kijani au buluu.

4. Pseudapis. Tazama mahali bawa linapoungana na kifua. Kila nyuki ana kifuniko kidogo hapo. Cha Pseudapis ni kikubwa mno, kama gamba la kombe.

5. Lipotriches. Huyu utamkuta hata kwenye maua ya nyasi, ambayo nyuki wengi huyapita.

6. Sphecodes. Mweusi mwenye tumbo jekundu, karibu hana manyoya, na habebi chavua. Watu humdhania kuwa nyigu. Jike lake huingia kwenye shimo la nyuki wengine na kutaga mayai kwenye chakula walichowekea watoto wao.

Ili kujua dume na jike, hesabu pingili za kipapasio: jike ana 12, dume ana 13. Bila kioo cha kukuza, angalia uso. Madume wengi wana alama ya njano chini ya uso, na vipapasio vyao ni virefu zaidi.

Kufikia jina kamili la spishi ni kazi ya darubini, kwa sababu spishi nyingi za Lasioglossum hutofautiana kwa vitobo vidogo tu kwenye ngozi. Wewe huhitaji kufika huko. Kwa afya ya familia yako, inatosha kujua kwamba huyu ni nyuki wa jasho na si nyuki wa asali.

TAZAMA PIA NYUMBA YAKE

Nyuki wengi wa jasho huchimba ardhini, mahali pakavu pasipo majani: pembeni mwa njia, uani palipofagiwa, ukingoni mwa shamba. Utaona tundu jembamba, kama limetobolewa kwa spoki ya baiskeli au penseli, na udongo laini kuzunguka mlango. Ndani hukaa mama mmoja, au mama na mabinti wachache. Hawana asali ya kurina. Hata kama matundu yako mengi uani, hawatatoka kwa pamoja kukufukuza.

Nyuki wa asali ni tofauti kabisa. Hukaa maelfu kwa maelfu kwenye shimo la mti, ndani ya kichuguu, kwenye paa au shimo la choo ambacho hakitumiki. Mmoja akiuma, hutoa harufu inayowaita wenzake. Hapo ndipo penye hatari. Usiwarushie mawe na usiwachome moto. Waweke watoto na mbuzi mbali, kisha umwite mtu anayefuga nyuki aje jioni akiwa na mavazi ya kujikinga.

UKIUMWA, UFANYE NINI?

Nyuki wa jasho: mtaalamu wa Marekani, marehemu Justin Schmidt, alipanga maumivu ya wadudu kwa ngazi 1 hadi 4. Nyuki wa jasho alimpa 1, nyuki wa asali akampa 2. Mwiba wa nyuki wa jasho kwa kawaida haubaki kwenye ngozi. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa kilicholowa maji baridi. Maumivu hupungua upesi.

Nyuki wa asali: mwiba wake hubaki umekwama, pamoja na kifuko cha sumu kinachoendelea kusukuma. Ondoka kwanza mahali hapo, kisha toa mwiba mara moja. Zamani tulifundishwa kuukwangua tu, tusiubane. Sasa inajulikana kwamba la muhimu ni haraka, kwa sababu sumu nyingi huingia ndani ya nusu dakika ya kwanza. Tumia kucha, vidole, chochote kilicho karibu. Kuvimba mahali palipoumwa kwa siku 1 au 2 ni kawaida.

Wakija wengi, funika uso kwa nguo na kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba, ufunge mlango. Usisimame kuwapiga. Usijitupe ziwani: nyuki watakusubiri juu, na unaweza kuzama.

Usipake mafuta ya taa, kinyesi cha ng'ombe, udongo wala maji ya betri. Kinyesi na udongo vinaweza kuingiza pepopunda kwenye kidonda.

DALILI ZA HATARI: USINGOJE

Watu wachache wana mzio wa sumu. Kwao hata mwiba mmoja unaweza kuua, na hata nyuki wa jasho anaweza kuwaletea shida, ingawa ni mara chache. Dalili kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja:

- kupumua kwa shida, au kifua kupiga filimbi;
- midomo, ulimi au koo kuvimba, sauti kubadilika;
- vipele na muwasho mwili mzima, mbali na palipoumwa;
- kutapika au tumbo kukaza;
- kizunguzungu, kulegea, kuzimia.

Ukiona hata moja kati ya kushindwa kupumua, kuvimba koo au kuzimia, mpeleke mgonjwa kituo cha afya cha karibu mara moja, mchana au usiku. Mlaze, inua miguu yake. Akishindwa kupumua akiwa amelala, mkalishe. Usimpe chakula wala dawa ya kunywa. Kituoni anahitaji sindano ya adrenalini, na hiyo haina mbadala wa nyumbani.

Mtoto, mzee au mama mjamzito aliyeumwa na nyuki wengi afike kituoni hata kama anaonekana mzima. Mtu mzima aliyeumwa mara nyingi naye afike. Sumu nyingi inaweza kuharibu figo baadaye. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ukipungua sana, rudi upesi. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara. Usikatae rufaa hiyo kwa sababu uvimbe umepungua.

Na jambo moja tena. Homa inayokuja kesho yake baada ya kuumwa mara moja tu usiilaumu nyuki. Nenda ukapime malaria. Vilevile, ukiumwa usiku kitandani, usimtafute nyuki wa jasho, kwani yeye hufanya kazi wakati wa jua. Tafuta mbu au kunguni. Na ukiamka na mstari wa malengelenge yanayowaka kama umeunguzwa, huenda ulimponda nzi wa Nairobi, mdudu mwembamba mweusi na mwekundu anayefuata taa. Huyo hana mwiba. Majimaji ya mwili wake ndiyo yanayounguza. Osha kwa sabuni.

MBONA TUSIWAUE TU?

Kwa sababu wanatulisha. Ua la nyanya huficha chavua ndani ya kijimrija chenye tundu dogo. Nyuki wa asali hajui kuitoa vizuri. Baadhi ya nyuki wa jasho hulishika ua na kutetemesha misuli ya mabawa, chavua ikamwagika kama unga kutoka kwenye chekeche. Ua linalotetemeshwa hivyo huzaa vizuri zaidi. Biringanya ni vivyo hivyo. Maboga yana ua dume na ua jike mbalimbali, na bila mdudu wa kubeba chavua, boga halipatikani.

Mtu mwenye kipande kidogo cha ardhi, anayetegemea nyanya chache kuongezea chakula anachopata, hana sababu ya kumwaga sumu kwenye matundu ya nyuki hawa. Ukilazimika kupiga dawa shambani, piga jioni nyuki wakishaondoka kwenye maua, na usipige kwenye njia wanazochimba.

KUMBUKA

1. Jasho likikuvutia mdudu, usipige kofi. Mpulizie au mpanguse taratibu.
2. Tazama kichwa, kisha mguu wa nyuma, kisha bawa.
3. Unga mkavu kwenye manyoya ya mguu: anaweza kuwa nyuki wa jasho. Donge kama shanga: si nyuki wa jasho.
4. Mwiba uliobaki kwenye ngozi, utoe sasa hivi.
5. Kupumua kwa shida, kuvimba koo, kuzimia: kituo cha afya, bila kungoja asubuhi.

Ukiwa na swali, muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako, yule tunayemwita VHT. Na ukimaliza kusoma, tafadhali msomee jirani asiyejua kusoma, kwa lugha anayoielewa. Waonyeshe watoto mguu wa nyuki kwenye ua la boga. Wanaona vizuri kuliko sisi, na wao ndio wanaocheza karibu na vichuguu.